Kutoka kwenye mizani ya kahawa hadi kitanda cha upasuaji: shajara yangu, Bombo

Nilipoanza kutafuta mtu wa kwetu aliyepita njia hii ya upasuaji wa kupunguza uzito, anayekula ninachokula na kuongea lugha ninayoielewa, sikumpata. Nilipata Wamarekani wenye mashine za kusaga matunda. Basi naandika mwenyewe. Nina hoteli ya chakula kando ya barabara ya Gulu, hapa Bombo. Wateja wangu ni wanajeshi, madereva wa malori na walimu. Nina miaka 41, urefu sentimita 162, sukari tangu 2018, presha, na magoti yanayolia nikipanda ngazi tatu. Kila hatua ikiisha nitaongeza hapa. Bei ni shilingi za Uganda, na ni zile nilizolipa mimi.

11 Januari 2025: Mizani

Daktari wa Kampala aliniambia kwa simu nije na uzito wangu kamili. Kwenye kliniki ya hapa mshale ulipita 120, ukagonga mwisho, ukatulia pale. Nesi akaandika "120+". Hiyo alama ya kujumlisha iliniuma kuliko namba yenyewe, kama vile baada ya 120 hakuna tena mtu wa kuhesabiwa.

Jirani yangu ananunua kahawa, ana mizani ya chini ya kupimia magunia. Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu jioni, wapagazi wakiwa wameshaondoka. Akasukuma gunia kando kwa mguu, akaniambia, "Panda mama, hii haiogopi mtu." Kilo 124. Kwa mazoea akashika kalamu na kitabu cha risiti, akakumbuka, akakirudisha mfukoni. Tulicheka wote wawili, mimi nikacheka zaidi ili nisilie.

Baadaye nilinunua mizani ya dijitali inayofika kilo 180, shilingi 95,000. Kosa la kwanza: niliiweka juu ya mkeka, na nikawa napanda asubuhi, mchana na usiku. Namba zilicheza hata kilo mbili kwa siku moja, na moyo wangu ukacheza nazo. Sasa iko juu ya saruji, napanda Jumamosi asubuhi tu, nikishatoka chooni.

20 Januari: Ndizi gani?

Miadi ya kwanza, 100,000. Hospitali ni ya kibinafsi, jina lake silitaji. Daktari alinieleza njia mbili zinazofanywa sana, zote kwa matundu madogo na kamera. Moja wanakata na kutoa kabisa karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo au zaidi, kinabaki kibomba. Ya pili wanatengeneza kifuko cha mililita 30 hivi juu, wanakiunganisha na utumbo mdogo, chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Ya kwanza, akasema, itaacha tumbo kama ndizi. Nikamuuliza ndizi gani: bogoya, gonja, au hii ndogo tamu? Mganda, Mnubi, Mgisu, huwezi kumwambia "ndizi" ukaishia hapo. Akacheka. Bogoya, lakini nyembamba.

Alisema pia kwamba sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo si udogo wa mfuko peke yake unaofanya kazi. Na kwamba tumbo likikatwa halirudi. Hilo alilirudia mara tatu akinitazama usoni.

Kuhusu nani anastahili: ile hesabu ya BMI, kilo ugawanye kwa urefu wa mita mara urefu wa mita. Zamani walitaka 40, au 35 ukiwa na maradhi yanayotokana na unene. Mwongozo wa 2022 umeshusha hadi 35 hata bila maradhi. Yangu ni 47, hapo hapakuwa na mjadala.

Bei ya upasuaji milioni 27. Bima ya afya ya taifa hatuna, kwa hiyo ni mfuko wako. Nilikuwa nimeuza kiwanja kidogo cha Wobulenzi na sako (chama chetu cha kuweka na kukopa) imekubali kunikopesha zilizobaki. Nikamuuliza, "Lini?" Akasema, "Ukiwa tayari." Niliudhika. Nilidhani kuwa tayari ni kuwa na pesa.

23 Februari: Bakuli

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome polepole, hasa kama kazi yako ni jikoni.

Mshauri wa lishe (80,000 kila mara, nilikwenda mara nne) alinipa daftari niandike kila ninachokula. Niliandika kwa uaminifu: chai bila sukari asubuhi, sahani moja mchana, chai na kipande cha muhogo jioni. Wiki nzima. Akasoma, akapiga hesabu, akaweka kalamu chini. "Mama, kwa chakula hiki ungekuwa unapungua." Nilimwona kama ananiita mwongo. Maisha yangu yote nimewaambia watu mimi sili sana, na nilikuwa nasema kweli: sahani moja ni sahani moja.

Akaniuliza, "Unapikaje bila kuonja?" Nikamwambia kuonja si kula. Hakubishana. Aliniambia nichukue bakuli tupu niliweke karibu na sigiri, na kila nikionja kitu, kiasi hicho hicho nikitie mle.

Nilifanya Alhamisi, 6 Februari. Saa kumi na moja alfajiri, supu ya molokoni: upawa nusu kuangalia chumvi, upawa nusu baada ya ndimu, na mwingine kwa sababu ilikuwa imekubali. Chapati ya kwanza, ile isiyouzwa, inayopima moto wa kikaango: yote. Sombe, vijiko vinne. Mchuzi wa karanga, sikumbuki mara ngapi, mkono ulikwenda wenyewe na mara mbili nilisahau bakuli nikakumbuka baadaye. Ukoko wa pilau, kwa sababu ukoko ni wa mpishi. Mandazi mawili yaliyovunjika. Nyama aliyobakiza mtoto wa mteja, kumwaga ni dhambi.

Saa tisa alasiri bakuli la lita mbili lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Mafuta yalikuwa yameganda juu, ukoko umesimama katikati umelowa. Chakula kile ningekipakua ningelisha madereva watatu na kuwatoza. Mpwa wangu anayenisaidia jikoni akapita, akauliza, "Shangazi, hiki ni cha nani?" Nikamwambia ni changu, na nimeshakila. Hakuelewa. Mimi nilielewa, nikakaa kwenye kigoda kitambo bila kusema neno.

Nilichojaribu baada ya hapo:

Kupima chumvi kwa kijiko badala ya ulimi. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Jumatatu maharage yalipooza, afande mmoja akaniuliza kama chumvi imepanda bei. Jumatano nilizidisha, akaniuliza kama Ziwa Katwe limehamia Bombo. Ilichukua siku kumi kupata kipimo cha kila sufuria, na nimekiandika ukutani kwa mkaa.

Mpwa wangu kuonja badala yangu. Ilifaa, ila ana miaka 19 na sitaki bakuli lihamie kwake. Anaonja mara moja, mwishoni.

Kilichonisaidia kuliko vyote hakikugharimu kitu: mswaki wa mti. Nikiwa jikoni uko mdomoni muda wote. Mkono ukipanda na kijiko unakuta mlango umefungwa.

Uzito tarehe 22 Februari: 121.8. Sikuwa nimeacha chakula hata kimoja.

10 Machi: Nilivyojidanganya Ramadhani

Ramadhani ilipoingia nilikuwa nameza dawa mbili za sukari, metformini na glibenklamidi. Daktari alikuwa ameniuliza mapema kama nafunga, nikamwambia tutaona. Maana yake nilikuwa nimeshaamua. Watu wangenionaje, mwanamke mzima wa Kinubi, mchana anakunywa chai?

Siku ya pili, saa kumi alasiri, jasho likanitoka na mikono ikaanza kutetemeka juu ya sufuria. Nikadhani ni joto la sigiri. Mpwa wangu ndiye aliyeleta kile kidude cha kupimia: 3.1. Nilikunywa maji ya sukari nikiwa nimekaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Glibenklamidi inasukuma sukari chini hata kama hujala. Kwa mtu anayefunga ni hatari kuliko metformini peke yake. Chini ya 3.9 unafungua pale pale, hakuna kusubiri adhana.

Daktari alibadilisha dawa na kuniomba nisifunge mwaka huu. Shekhe wetu, niliyemwogopa zaidi ya daktari, hakuchukua hata dakika mbili: mgonjwa ameruhusiwa, aya yenyewe iko wazi, utalipa siku nyingine ukiweza na usipoweza utalisha maskini. Akaongeza kwamba anayehitaji kuonwa amefunga ni mimi, Mungu hahitaji. Maneno makali, lakini alikuwa sahihi.

Kama una sukari, zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mimi ningeweza kuangukia kwenye mafuta ya moto.

7 Aprili: Damu na chai

Vipimo vya damu vya Februari viligharimu 380,000. Wingi wa damu 9.6, madini ya chuma chini, vitamini D chini, na ile sukari ya miezi mitatu (HbA1c, wastani wa sukari kwenye damu) 8.9. Daktari wa nusukaputi alitaka hiyo ya mwisho iwe chini ya 8 kabla hajanigusa. Nilishangaa kusikia kwamba mtu mnene anaweza kuwa na upungufu wa lishe. Wapo wengi, akasema, na baada ya upasuaji upungufu unazidi, ndiyo maana vitamini utameza maisha yako yote.

Nikapewa vidonge vya chuma. Nikameza wiki sita bila kukosa hata siku moja, kila asubuhi, na chai yangu. Leo wamenipima: 9.8. Nesi akauliza, "Unameza na nini?" Chai, majani ya chai, yanazuia chuma kuingia mwilini. Wiki sita za vidonge nilikuwa navipitisha tu. Sasa nameza na chungwa, chai inasubiri saa mbili baadaye. (Ilipofika katikati ya Juni damu ilikuwa 11.7.)

Hakuna aliyeniambia, na kwenye pakiti imeandikwa kwa herufi za kusomwa na mchwa.

2 Juni: Kamera, bakteria na kipimo nilicholipia mara mbili

Kamera ya kushuka kooni, 450,000. Ilichukua dakika chache. Walinipa dawa ya usingizi mwepesi nikaamka nimemaliza. Walikuta ukuta wa ndani wa tumbo umevimba kidogo, na bakteria wale wa Helikobakta pilori. Wanataka watibiwe kabla ya kukata. Antibiotiki mbili na omeprazoli kwa siku 14, dawa zote 90,000. Mdomo ulikuwa kama nimelamba msumari. Nilimaliza zote, usiishie siku ya tisa kwa sababu unajisikia vizuri.

Kosa langu lilikuwa haraka. Wiki moja baada ya dozi nilikwenda maabara mwenyewe kupima choo, 40,000, huku naendelea na omeprazoli kwa ajili ya kiungulia. Majibu: hakuna kitu. Nikapeleka kwa furaha, daktari akayaweka pembeni. Kipimo hicho kinasubiri angalau wiki nne baada ya antibiotiki, na omeprazoli iwe imeachwa wiki mbili, la sivyo bakteria wanajificha na karatasi inakudanganya. Nikarudia mwisho wa Mei, 40,000 nyingine. Wamekwisha kweli.

Ultrasaundi, 60,000: ini limejaa mafuta. Vipimo vya moyo, 200,000: salama. Kwa kuwa hakuna asidi inayopanda sana kooni, tumekubaliana ile ya ndizi.

4 Juni: Mahujaji na viatu

Kutembea nilianza Februari kutoka hotelini hadi msikitini na kurudi, nikipumzika mara mbili. Nilitumia malapa. Mwezi wa tatu kisigino kikaanza kuchoma kila nikikanyaga asubuhi, nikapoteza wiki tatu. Viatu vya mtumba vyenye soli nene nilivipata soko la Owino, Kampala, kwa 45,000, na hiyo ingekuwa hatua ya kwanza kama ningekuwa na akili. Kwa magoti nilikuwa nachomwa sindano na kumeza diklofenaki kama njugu. Hiyo nimeambiwa niiache, inachubua tumbo. Panadoli tu.

Wiki iliyopita mahujaji wa kaskazini walipita hapa wakienda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Kila mwaka huwa nawauzia uji. Safari hii nilisindikizana na kundi moja la akina mama, rozari mkononi, miguu imevimba, wengine wakubwa kuliko mimi kwa umri. Nilidhani nitafika kona ya kwanza. Nilikwenda nao saa nzima, nikarudi kwa boda. Mmoja aliniuliza naomba nini. Nikasema, "Ini lipungue." Akaniombea ini.

9 Juni: Karamu ya kuaga

Naandika bila kujitetea. Baada ya tarehe kupangwa (12 Agosti), nilianza kuaga vyakula. Kikomando cha mwisho. Gurusa ya mwisho na mchuzi wa bamia. Mbuzi wa Idi wa mwisho, siku tatu mfululizo. Kila kimoja nilikiaga zaidi ya mara moja. Mizani Jumamosi: 122.6, juu ya nilipokuwa Februari.

Mshauri wa saikolojia alisema karibu kila mtu hufanya hivi, lakini hakucheka. Aliniuliza nani amefariki. Hakuna chakula kinachozikwa, utakula mbuzi tena, vipande viwili, ukitafuna taratibu. Nikabaki na hilo.

28 Juni: Chumba cha saikolojia

Vikao vitatu, 150,000 kila kimoja. Nilidhani ni muhuri tu wa kupata. Kikao cha kwanza (Aprili) nilikaa wima nikajibu kama niko mahakamani: Sina msongo. Nalala vizuri. Usiku sili. Akaandika yote.

Cha pili (Mei) nilikwenda nimechoka, ulimi ukalegea. Mume wangu anaendesha lori la Juba. Akishavuka mpaka wa Elegu na Nimule kuingia Sudan Kusini, kuna masaa simu haipatikani. Barabara ile imeua madereva wa kwetu, si siri. Usiku anapokuwa kule mimi silali mpaka apige. Na nikisubiri, nakwenda jikoni, sioni hata haja ya kuwasha taa, nafunua sufuria, nakula nimesimama. Sionji, nakula. Sipakui. Akipiga saa nane za usiku, ananiuliza, "Umekula?" Namjibu, "Nimekula." Miaka kumi na moja.

Nilipomaliza mshauri aliuliza swali moja tu: "Mwezi wa Septemba akiwa Juba na tumbo lako ni kibomba, utasubirije?" Sikuwa na jibu. Ndilo swali ambalo daktari wa kisu hawezi kulikata.

Tuliyojaribu: kulala mapema, haikuwezekana. Kufunga jikoni kwa kufuli na funguo kumpa mpwa wangu: nilimwamsha saa saba usiku, nikaona haya. Kilichoshika ni kazi ya mikono. Mama yangu alinifundisha kusuka tabaga, zile kawa za rangi za Kinubi, nikaacha nilipoolewa. Mikono ikiwa na ukindu na sindano haishiki kijiko. Nimemaliza tatu tangu Mei, mbili zimepinda. Na mzee wangu amekubali kutuma ujumbe kila anapopata mtandao, hata neno moja. Kabla hakujua kama naogopa. Alidhani naamka kwa sababu simu inalia.

Kuna usiku mbili mwezi huu nilirudi kwenye sufuria. Niliziandika kwenye daftari.

13 Julai: Slimu

Hili halipo kwenye orodha ya hospitali yoyote.

Mume wangu alipinga mwanzo kwa mzaha: "Nilioa mwanamke, sikuoa fimbo." Nikajua nyuma ya mzaha kuna hofu ya kisu, nikampeleka kwa daktari aulize mwenyewe. Akauliza kama nitakufa. Daktari hakumficha: hatari ipo, ya kuvuja mahali palipokatwa, ya damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu, ya kutokwa damu. Ni ndogo, lakini si sifuri. Ajabu, kuambiwa ukweli ndiko kulikomtuliza.

Shangazi yangu ndiye aliyenishika pabaya. Ana miaka 70 na kitu. Alisikiliza yote, halafu akasema, "Mwanangu, watasema una slimu." Mtu asiyekulia Uganda hataelewa uzito wa neno hilo. Ukimwi ulipoanza kuonekana Rakai miaka ya 80, kabla haujawa na jina huku kwetu, watu waliuita slimu kwa sababu ulikausha. Shangazi alizika wadogo zake wawili. Kwake mwili wangu mkubwa ni ushahidi kwamba mimi ni mzima. Nikipungua kilo 40 kwa mwaka, kwake mimi ni mgonjwa, hata nikicheka.

Nilikuwa na mpango wa kufanya kwa siri, kuaga kwamba nakwenda Arua kwa ndugu. Nimeuacha. Siri ndiyo ingeleta neno hilo hotelini kwangu, na nani angekula chakula cha mpishi anayeyeyuka? Basi nimetangaza mwenyewe. Familia kwanza, Jumapili, baada ya chakula. Halafu wateja. Afande wa chumvi akauliza, "Mama, nani atakula mpishi akiwa mwembamba?" Nimemwambia kuanzia Septemba atalipa bei ile ile kwa mpishi nusu.

Shangazi bado hajakubali. Amekubali kuja hospitali akae na mimi, akaone kwa macho yake ni kisu na si kitu kingine.

19 Julai: Mipira mitatu

Fupi, lakini inachekesha. Nimenunua kile kifaa cha mapafu chenye mipira mitatu, 60,000, cha kuzuia nimonia baada ya nusukaputi. Wiki nzima nilipuliza kwa nguvu zangu zote, mipira haikutikisika, nikajua mapafu yamekufa. Kumbe unavuta hewa ndani, hupulizi. Leo mipira miwili imepanda.

Soksi za kubana miguu, 120,000. Chukua vipimo vya mguu asubuhi kabla haujavimba. Mimi nilipimwa jioni, zikalegea, duka likanibadilishia baada ya maneno mengi.

5 Agosti: Ini

Kuanzia 29 Julai niko kwenye chakula cha kupunguza ini, siku 14, kalori kati ya 800 na 1,000. Ini lenye mafuta ni zito na limelalia tumbo. Daktari asipoweza kulinyanyua, anaweza kulazimika kuacha kamera na kupasua kawaida. Ukiacha wanga, mwili unatumia akiba ya sukari iliyo kwenye ini, na akiba hiyo imeshika maji karibu mara tatu ya uzito wake. Ndiyo maana siku za mwanzo unakojoa sana na mizani inashuka mbio. Usijisifu, ni maji.

Ninachokula: mayai mawili, mtindi usio na sukari, samaki au mukene (dagaa) wa kuchemsha, mboga za nakati na dodo sahani mbili, supu iliyochujwa mafuta. Hakuna posho (ugali), matoke, chapati, soda. Mtu wa sukari asianze hivi bila dawa kupunguzwa. Zangu zilipunguzwa siku ile ile.

Siku ya pili na ya tatu kichwa kiligonga kama karakana. Nusu ni wanga, nusu ni chai niliyoikata ghafla. Chai ningeiacha polepole tangu Juni. Siku ya tano, Jumamosi, nilikula pembe ya chapati. Niliandika, nikaendelea, sikuifanya kisingizio cha chapati nzima. Na kuanzia siku ya sita sikanyagi jikoni kabisa. Nimekabidhi upawa kwa mpwa wangu. Ninakaa kwenye pesa, nasuka.

Mazoezi mengine ya siku hizi: kutafuna mara 25, na kutokunywa wakati wa kula wala nusu saa baadaye. Rahisi kusema. Jaribu mukene mkavu bila maji.

11 Agosti, usiku: Hospitali

Kilo 113.9. Sukari ya miezi mitatu 7.5. Damu 12.1.

Maandalizi peke yake yamekula 2,450,000, bila nauli, bila vidonge vya chuma, bila siku ambazo hoteli ilifungwa. Vitu ambavyo ningefanya mapema: viatu, bakuli, kuacha chai.

Nimesaini karatasi baada ya kusomewa yote, nimeuliza maswali mawili niliyoandika kiganjani. Begi lina gauni pana, soksi, ile mipira mitatu, tasbihi, kamba ndefu ya kuchajia simu (soketi huwa mbali na kitanda) na tabaga ya nne niliyoianza. Shangazi amelala kwenye kiti, mtandio usoni. Mpwa wangu amepiga mara tatu kuuliza chumvi ya maharage wakati imeandikwa ukutani.

Saa sita usiku nimeacha kula na kunywa kama nilivyoagizwa. Kesho saa moja na nusu asubuhi wananichukua.

Mzee wangu aliwasili saa nne kutoka Elegu, na vumbi lake lote. Alinishika mkono, akasema anatoka kidogo kupunga hewa. Nilipokwenda chooni nimemwona mwisho wa korido, kwenye giza karibu na ngazi. Amesimama anakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, haraka haraka, bila kuitazama. Nimepita kimya nikarudi kitandani.